Nenda Kabla ya Turubai

Rafiki yako akifariki leo Ipinda, Ngonga au Matema, hutahitaji mwongozo wa mtu yeyote. Habari zitakufikia kabla hujamaliza chai, nawe utajua pa kusimama: wanaume watachimba kaburi na kupasua kuni, akina mama watafika na mchele na ndoo za maji kichwani, kijana mwenye mwandiko mzuri atakaa na daftari la rambirambi, turubai litafungwa, na kwaya zitapokezana hadi alfajiri. Hakuna atakayekuuliza ulimjua marehemu kiasi gani. Huo ni ustadi uliojengwa kwa vizazi vingi, na wageni wanaofika Kyela huushangaa. Lakini rafiki huyohuyo akiwa hai, akiugua kansa ya kizazi mwezi wa saba sasa, au amepooza upande mmoja, au mtumbwi wake umepigwa na mwera akapoteza nyavu na mdogo wake kwa siku moja, ustadi wetu unatuishia. Tunachelewa kwenda, na tukienda tunabeba maelezo. Ushauri wangu kwako, uwe Mkristo au Mwislamu, ni huu: nenda mapema, nenda na mikono ya kufanya kazi, na sababu ya mateso yake usiitafute.

Kwa nini sababu isitafutwe? Kwa kuwa katika mazoea yetu kutafuta sababu ni kutafuta mkosaji, na aliye rahisi kukamatwa ni mgonjwa mwenyewe, maana hawezi kuinuka akaondoka. Kitabu cha Ayubu kimelieleza jambo hili kwa kirefu kuliko andiko lingine lolote linalosomwa makanisani mwetu. Elifazi, Bildadi na Sofari hawakuwa watu wabaya. Walitoka kila mmoja kwao, wakapatana waende pamoja, wakalia walipomwona kwa mbali, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hadi hapo walikuwa marafiki kamili. Waliharibu pale Ayubu alipoanza kulalamika, nao wakaona ni wajibu wao kumtetea Mungu. Sura zao ni nyingi lakini hoja ni moja: Mungu ni wa haki, wewe unateseka, basi kuna ulilolitenda. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, na kuwaagiza wamwendee Ayubu awaombee. Waliosema isivyo sawa juu ya Mungu walikuwa ni wale waliojipa kazi ya kumtetea.

Tazama pia nani alisema nini. Yale maneno juu ya Bwana kutoa na kutwaa, ambayo husikika karibu katika kila mazishi, aliyasema Ayubu mwenyewe, mtu aliyefiwa na watoto kumi kwa siku moja. Rafiki zake hawakumwambia yeye. Kinywani mwa aliyefiwa yale ni imani. Kinywani mwa jirani ambaye watoto wake wanamsubiri nyumbani yanakuwa amri ya kunyamaza. Ndivyo ilivyo pia kwa sisi tunaokimbilia kumwambia mfiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Inawezekana kabisa kwamba ni kweli, na inawezekana rafiki yako atafika mahali pa kuitamka, lakini ni yeye wa kufika huko kwa miguu yake. Qurani nayo, katika sura ya Al-Baqara, inawasifu wenye subira ambao wao wenyewe, msiba ukiwapata, hukumbuka kuwa ni wa Mwenyezi Mungu na kwake watarejea. Na katika sura ya Al-Anbiyaa, Nabii Ayubu anamwambia Mola wake kwa maneno machache tu kwamba dhara imemgusa, akajibiwa na kuondolewa dhara hiyo. Hakuulizwa kwanza ni kosa gani lililomfikisha pale.

Kyela na Rungwe zina ushahidi wao wenyewe, na ni wa zamani. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wakaandika waliyoyaona na kuyasikia. Godfrey alifariki 1944, na vitabu vilivyofuata, kikiwemo kile cha 1951 juu ya vijiji vya rika, Monica aliviandika akiwa mjane. Humo tunasoma jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao na kuendelea kuishi pamoja hadi utu uzima, na jinsi kula, kunywa na kuzungumza pamoja kulivyohesabiwa kuwa ndio utu wenyewe. Tunasoma pia upande wa pili. Homa ikimpata mtu, watu waliuliza amemkosea nani: je, amemdharau mzazi au mkwe, je, amechinja bila kuwakumbuka majirani? Iliaminika kuwa manung'uniko ya majirani, pumzi yao ya baridi, ndiyo yaliyomlaza kitandani. Na pale ambapo mgonjwa hakuonekana na kosa, shutuma ziligeukia jirani aliyedhaniwa kuwa mchawi. Watu walewale waliomzunguka mtu kwa wema ndio pia waliokaa kumhukumu.

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia eneo hili mwaka 1891, Uislamu ukafika kwa njia za biashara ya ziwa, na mafundisho yakabadilika sana. Swali la kumwuliza mgonjwa halikubadilika kiasi hicho. Leo ataambiwa kwamba ana laana ya ukoo isiyovunjwa, kwamba imani yake ni haba, kwamba hakutoa zaka, kwamba kuna mtu nyuma ya ugonjwa wake na mhubiri amemwona katika maono. Sikia jinsi maneno haya yanavyofanana na yale ya 1934. Anayeambiwa imani yake ni haba ameshitakiwa sawasawa na aliyeambiwa amemdharau mkwe, na anayeonyeshwa adui katika maono ametumwa amchukie bibi kizee wa nyumba ya tatu. Hili la mwisho huua. Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, inamfanya kuwa mkosaji yeyote anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na bado wazee, hasa wanawake, wameendelea kuuawa Tanzania kwa tuhuma za namna hiyo. Ukiwa kando ya kitanda cha rafiki na mazungumzo yakaelekea huko, kazi yako ya kidini ni kuyakata, hata kama msemaji ni shemeji yake na hata kama atakuona mjuaji.

Maelezo yana madhara mengine, nayo ni kumwondoa mgonjwa kwenye tiba. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania, na wageni kutoka nchi jirani, walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kwa shilingi 500. Wengi walipelekwa na marafiki waliowapenda, waliochanga nauli kwa moyo safi. Wapo waliofia njiani, na wapo waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza VVU wakaziacha baada ya kikombe. Kwa mkoa wa Mbeya hilo si jambo la mbali: utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta zaidi ya asilimia 9 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na VVU, nyuma ya Njombe na Iringa tu. Kwa hiyo ukimwombea rafiki yako, mwombee huku kidonge chake kikiwa mezani na glasi ya maji pembeni. Usimwambie kamwe kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Mtu akimwambia hivyo mbele yako, jibu hapohapo, kwa upole lakini kwa sauti, ili mgonjwa asikie kwamba yupo muumini mwingine asiyekubaliana na hayo.

Mila zile za zamani zina jambo moja ambalo ningependa lirudi. Monica Wilson aliandika kwamba tambiko la kumponya mtu halikuhesabiwa kuwa limefaa mpaka ndugu wawe wamesema hasira zao waziwazi, mmoja mbele ya mwingine. Mwenye kinyongo alipaswa kukitoa moyoni, na kupuliza maji kutoka kinywani kulikuwa ishara ya kusamehe na kubariki. Hapo mzigo haukumwangukia mgonjwa peke yake. Hata waliokuja kumwona walikuwa na la kutubu. Yesu naye katika Injili ya Mathayo anamtaka mwenye sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Basi kabla ya kwenda kumwona rafiki, badala ya kuwaza yeye amefanya nini, jiulize wewe una nini naye. Pengine hujamlipa mkopo wa VICOBA uliochukua kwa jina lake. Pengine mmegombana juu ya mpaka wa shamba la kakao na hamjasemeshana tangu masika. Mlipe, au mwambie mpaka ubaki anavyosema yeye, kisha keti. Ziara ya mtu aliyemaliza deni lake ni dawa kuliko mkesha wa mtu aliyelificha.

Ukifika, usikae muda mrefu siku ya kwanza, lakini rudi. Dakika ishirini kila Jumatano ni bora kuliko saa nne mara moja, kwa sababu mgonjwa wa muda mrefu huteswa na kutojua nani atarudi. Mpe pole yeye, kisha mgeukie anayemuuguza, mke au dada au mtoto aliyeacha shule, umwambie pole kwa kuuguza, umwulize amelala saa ngapi. Usisimulie habari za mtu mwingine aliyeugua hivyohivyo akafa, wala za yule aliyeugua hivyohivyo akapona kwa miujiza. Zote mbili zinampima kwa kipimo kisicho chake. Akitaka kuzungumza juu ya bei ya usipa au mechi ya jana, zungumza naye hayo kwa moyo wote, maana anakuomba umrudishie utu wake wa kabla ya ugonjwa. Akilia, acha alie. Yesu alimlilia Lazaro, na Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim, akamweleza aliyemshangaa kwamba yale ni machozi ya huruma. Akinyamaza, nyamaza naye, kama wale watatu walivyofanya siku zile saba za kwanza.

Siri yake uitunze kwa ukali. Ombi la maombi limekuwa, katika makanisa na jumuiya nyingi, njia ya heshima ya kutangaza ugonjwa wa mtu. Jina linatajwa ibadani, picha ya mtu aliyekonda inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia jioni Kyela mjini wanajua, Tukuyu wanajua, na mwajiri wake anajua. Muulize kwanza: niwaambie watu, na niwaambie kiasi gani? Akisema usimwambie mtu, basi mwombee chumbani kwako. Mungu hahitaji picha.

Kisha fanya kazi. Mpunga haungoji mtu apone. Shamba la rafiki yako likikosa palizi kwa majuma machache, au likikosa mtu wa kuamia ndege mpunga unapotoa mashuke, familia yake itakuwa na njaa mwaka mzima baada ya ugonjwa kwisha. Kakao nayo ikiiva huvunwa, huvundikwa na kuanikwa kwa wakati wake, na mgonjwa mwenye shida ya nauli atashawishika kuuza matunda yangali mtini kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo kikundi cha kwaya, umoja wa wanawake au vijana wa msikitini wanaweza kufanya kitu chenye uzito kuliko mikesha mitatu: waingie shambani kwa zamu, wavune, wapeleke mzigo AMCOS kwa jina lake, wamletee stakabadhi mkononi. Mtume Muhammad, Jaafar bin Abi Talib alipouawa Mu'ta, aliagiza familia yake ipikiwe chakula kwa sababu walikuwa na jambo la kuwashughulisha. Zingatia kwamba chakula kilikwenda kwa wafiwa. Sisi mara nyingi tunakwenda kumwona mgonjwa na mke wake anakimbia dukani kutafuta sukari ya kutupa chai. Beba chakula chako, na usipoweza, kataa chai. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya Matema, au akipewa rufaa hadi Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100, uliza nani atalala naye wodini, nani atampikia, na nani atawalisha kuku na watoto waliobaki. Waraka wa Yakobo una maneno makali kwa muumini anayemuaga mwenye uhitaji kwa baraka tupu bila kumpa mahitaji ya mwili.

Wapo watakaosema kwamba nimeipunguza dini ikawa ustawi wa jamii, na kwamba muumini asiyeomba wala kuhubiri kitandani amemnyima rafiki yake kilicho bora zaidi. Pingamizi hili ni zito, nami sitaki maombi yaondoke. Lakini soma tena agizo lenyewe katika sura ya 5 ya Yakobo: mgonjwa ndiye anayeagizwa awaite wazee wa kanisa waje wamwombee. Wito unatoka kwake. Ukiuliza, je, ungependa tuombe, umemrudishia uamuzi mtu ambaye ugonjwa umemnyang'anya karibu maamuzi yote mengine: ale nini, aende wapi, nani amwogeshe. Akisema ndiyo, omba kwa sauti ya chini, kwa maneno machache, na omba anachokitaka yeye. Usimwahidi kupona kwa tarehe. Anayeahidi tarehe, ikipita, humwacha mgonjwa na mawili ya kuuguza, mwili na imani, huku mwahidi amekwenda kwenye semina ya mji mwingine. Kuhusu kuhubiri, hadithi qudsi aliyoipokea Muslim inamwonyesha Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama akimhoji mja kwa nini hakumtembelea alipougua, na akieleza kwamba angemkuta kwa yule mgonjwa. Mathayo 25 inakaribia sana hapo. Katika yote mawili wanaohukumiwa wanaulizwa walikwenda au hawakwenda. Hawaulizwi walihutubu nini.

Wengine watasema: je, kama kweli amejiletea? Pombe imemharibu ini, madeni ameyakopa mwenyewe, ugonjwa ameupata kwa mwenendo wake. Tukinyamaza hatuidhinishi? Yesu alipoulizwa juu ya kipofu wa kuzaliwa, nani alitenda dhambi, alikataa swali lenyewe. Alipoutaja mwenyewe msiba wa mnara wa Siloamu, ulioua watu 18, alikana kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, neno la kukumbukwa kila mtumbwi unapozama Itungi na watu wakaanza kuchambua maisha ya waliokuwemo. Yupo pia yule mgonjwa wa sura ya 5 ya Yohana, aliyeambiwa asitende dhambi tena. Huyo ndiye wapingaji humtaja. Lakini aliambiwa baadaye, hekaluni, akiwa tayari amepona na anatembea kwa miguu yake, tena na yule aliyemponya. Mpangilio huo unatosha kuwa kanuni: kwanza asimame, kisha, kama wewe ndiye uliyemshika mkono, utapata nafasi ya kusema. Na mlevi aliyelala na tumbo limejaa maji anajua kilichomlaza. Hakuna taarifa mpya unayompelekea.

Lipo pingamizi la tatu, lenye haki kuliko yote: watu hawana muda wala fedha. Jirani wa Kyela anazika mara nyingi, anachanga mara nyingi, na hawezi kukaa na kila mgonjwa. Kweli. Ndiyo maana naongelea rafiki, na ndiyo maana naongelea zamu. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vina katiba, mweka hazina na kiingilio, lakini katiba nyingi huanza kufanya kazi mtu akishakata roho. Kipengele kimoja cha kuongezwa katika mkutano ujao ni kwamba mwanachama akilazwa zaidi ya majuma mawili, sehemu ya fedha itoke sasa, na wanachama wawili wapangiwe kila juma. Sehemu ya ng'ombe wa matanga ingemfikisha mgonjwa hospitalini akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti cha gari.

Linabaki lile gumu zaidi. Siku moja rafiki yako, mzee wa kanisa au mtu wa swala tano, atakwambia kwamba haombi tena, kwamba Mungu amemwonea. Utashikwa na hofu, na hofu itakutuma umkemee. Usimkemee. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu waende mbele ya hakimu, na bado ndiye aliyehesabiwa kuwa amesema yaliyo sawa. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye. Mwambie umesikia. Usimripoti kwa mchungaji wala kwa imamu bila ruhusa yake, na usipunguze ziara zako ili kumwonyesha kwamba umeudhika. Jumatano inayofuata nenda kama kawaida, na kama ni msimu wa mavuno pitia kwanza shambani kwake, ili ukifika uwe na la kumweleza juu ya mpunga.